Jibu: Rangi za maji kupasuka ndani ya kopo la peremende

Dada, umeuliza kwa nini rangi zako za maji, ulizozijaza kwenye vifuniko vidogo ndani ya kopo la peremende, zinapasuka na kudondoka kila ukifika Kaole kuchora magofu. Ni kwa sababu umejaza kifuniko chote kwa mkupuo mmoja. Juu hukauka kwanza huku chini bado mbichi. Ya chini ikinywea, inachanika. Jaza theluthi tu, koroga kwa kijiti cha meno mpaka viputo vya hewa vitoke, acha siku nzima, ndipo uongeze. Zilizokwisha kupasuka usitupe: tone la maji na glisarini kidogo sana. Ikizidi, kwa unyevunyevu huu wa Bagamoyo, haikauki ng'o.

Vizibo vya soda achana navyo, hewa ya bahari inavitia kutu na njano ndiyo inayochafuka kwanza. Tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Vikwangue chini kwa msasa, la sivyo gundi ya kuvibandika koponi haishiki (hata hivyo kimoja kimoja kitabanduka, ni kubandika tena).

Ndani ya mfuniko wa kopo, pa kuchanganyia rangi, piga rangi nyeupe ya mafuta mara mbili. Maji yakijikusanya matone matone badala ya kutandaa, sugua kwa dawa ya meno. Na usifunge kopo likiwa na majimaji, ukungu hauchelewi.