Daktari, nisonge ugali?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza chakula Majengo, Dodoma. Nilivunjika kiwiko cha kulia, nikapasuliwa na kufungwa vyuma. Ni wiki ya saba, wateja wananiulizia. Nirudi jikoni?

JIBU: Marahaba, mama. Rudi, ila sufuria kubwa bado: kusonga kunakitwisha kiwiko mzigo wote. Subiri eksirei ioneshe mfupa umeunga, mara nyingi wiki 6 hadi 12. Kwa sasa pokea hela, chambua mlenda. Ndoo abebe msaidizi. Lakini usiuache mkono umening'inia shingoni kutwa. Kiwiko hukakamaa upesi mno! Kunja na kunjua kama ulivyoelekezwa, na asikuvute mtu kwa nguvu, hata awe jirani fundi wa kukanda. Kidole cha mwisho kikifa ganzi, wahi hospitali.