Kukarabati bafu Dar: hela iko chini ya marumaru

Wengi wanaokarabati bafu huanza na marumaru. Rangi inachaguliwa, boksi zinalipiwa, zinapangwa sebuleni, ndipo fundi anaulizwa atafanya kwa shilingi ngapi. Hapo kazi imeanzia mwisho. Marumaru yenyewe ni nadra kuharibika. Kinacholazimisha bafu kubomolewa tena mapema ni bomba lililoungwa vibaya, sakafu isiyopeleka maji kwenye tundu, au maji yanayopenya ukutani mpaka rangi ya chumba cha pili inababuka. Vyote hivyo hufunikwa, na kikishafunikwa hukioni tena. Kwa hiyo panga makadirio, ratiba na malipo kwa sharti moja: kitu hakifunikwi wala hakilipwi kabla hakijapimwa.

Kabla nyundo haijagusa ukuta

Anza nje. Fungua mfuniko wa chemba, mtu mmoja aflashi choo na kumwaga ndoo mbili za maji bafuni, wewe uangalie yanavyopita. Yakipita mara moja na chemba ikabaki tupu, vizuri. Yakituama, shimo limejaa au njia imeziba, na hilo ndilo la kutengeneza kwanza. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam bado haijafikiwa na mabomba ya majitaka. Nyumba zinategemea septiki na shimo la kunyonya. Kwenye maeneo ya chini, kama sehemu za Mikocheni na Msasani au kandokando ya Bonde la Msimbazi, maji ya ardhini hupanda wakati wa masika na shimo hujaa hata kama matumizi hayajaongezeka. Ukipima Agosti tu utadanganyika. Waulize majirani hali ikoje Aprili.

Kisha pima tundu la choo. Sinki la choo la S-trapu hutoa uchafu chini kupitia sakafu, la P-trapu hutoa nyuma kupitia ukutani. Hayabadilishani bila kuchimbua. Kwa S-trapu, umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu ndio unaoamua sinki gani ununue, na masinki mengi hutengenezwa kwa sentimita 25 au 30. Kipimo hicho ni cha ukuta uliokwisha kuwekwa marumaru. Kama ukuta uko wazi, toa sentimita 3 hivi za plasta, gundi na kigae. Hapa ndipo watu hununua sinki zuri Kariakoo, likifika nyumbani tanki lake linagonga ukuta au linabakiza pengo la kuingiza ngumi, na dukani halirudishwi kwa sababu limeshaguswa na saruji.

Jambo la tatu ni presha. Simtanki lililoinuliwa mita 6 juu ya bomba la mvua linakupa presha ya baa 0.6 tu, kwani kila mita moja ya kimo ni kama baa 0.1. Koki nyingi za kisasa za kuoga, hasa zile za sahani pana ya juu, zinahitaji baa 1 au zaidi. Ama uongeze pampu ndogo, ama ununue koki ya kawaida uache ile ya kwenye picha. Angalia pia ni maji gani yanaingia. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hula koki za aloi nyepesi zilizopakwa kromu: zinatoka vipele, kisha ganda linabanduka. Shaba nyeupe nzito au chuma cha pua cha daraja 304 hugharimu zaidi, lakini kwa nyumba ya kisima sioni sababu ya kubishana na bei hiyo.

Kama utafunga hita ya papo kwa papo, mwite fundi umeme kabla ya plasta. Hita ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampia 24. Waya wa milimita 2.5 uliozoeleka kwenye soketi hautoshi kwa mzigo huo. Upite wa milimita 4 au 6 peke yake kutoka kwenye bodi, na breka yake yenyewe. Waya wa ethi uwe umefika kweli kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, maana kwenye nyumba nyingi za zamani umeishia ndani ya boksi la ukutani bila kuunganishwa popote. Weka na RCCB ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya bomba ya DAWASA na hula koili za hita, kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi aunganishe hita na tanki la maji ya DAWASA, au aachane nayo. Joto la Dar linamruhusu.

Hesabu ya vifaa

Chukua bafu la mita 1.8 kwa 2.4, ambalo ni la kawaida kwenye chumba cha masta. Sakafu ni mita za mraba 4.3. Mzunguko wa kuta ni mita 8.4, ukipandisha marumaru hadi mita 2.4 unapata 20.2, ukitoa mlango na dirisha dogo zinabaki kama 18.2. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: ukuta 20, sakafu 4.75.

Kigae cha ukutani cha sentimita 30 kwa 60 kina mita za mraba 0.18. Boksi la vipande 8 ni 1.44, kwa hiyo unahitaji boksi 14. Cha sakafuni cha 30 kwa 30 ni vipande 53. Kama boksi lina vipande 17, boksi tatu zinakupa 51, basi nunua nne. Soma namba ya toleo na ya rangi ubavuni mwa boksi, zote zilingane. Ukirudi dukani baada ya wiki mbili kufuata boksi moja iliyopungua, utapewa jina lilelile la marumaru lakini rangi imepauka kidogo, na jicho litaiona kila siku. Za sakafuni zisiwe za kung'aa. Sehemu ya kuogea tafuta alama ya kutoteleza ya R10 au R11, hasa kama nyumbani kuna mzee.

Gundi ya marumaru ya mfuko wa kilo 20 huenda kama mita za mraba 4 hadi 5 kwa mwiko wa meno, hivyo weka mifuko 6. Grauti ya kujaza mianya kati ya vigae, kilo 6 zinatosha na kubaki. Saruji mifuko 5 au 6 kwa sakafu na plasta mpya, pamoja na mchanga tripu moja ya kirikuu. Mchanga uwe wa mtoni, si wa ufukweni. Wenye chumvi utatoa ukungu mweupe kwenye grauti usioisha kwa kusugua. Halafu usisahau kifusi. Bafu la ukubwa huu hutoa zaidi ya tani moja ya vipande na plasta, yaani tripu mbili au tatu za kirikuu, na kuna gharama ya kupakia na ya mahali pa kumwaga. Fundi asipokutajia hiyo kwenye makadirio, ataitaja siku kifusi kikiwa kimeziba geti.

Juu ya jumla yote tenga asilimia 15 usiyomwambia fundi. Hela hiyo ni ya kile kitakachoonekana sakafu ikifunguliwa: bomba la chuma lililooza, kiungo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, choo kisicho na bomba la hewa.

Kazi inavyofuatana

Baada ya kubomoa, mabomba. Choo inchi 4, maji ya kuoga inchi 2, beseni la kunawia inchi moja na robo au moja na nusu. Mteremko wa bomba la inchi 4 ni sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Chini ya hapo uchafu unalala njiani. Kila tundu la sakafuni liwe na trapu inayobakiza maji ya kimo cha sentimita 5, kwani maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Ukisikia beseni linakoroma kila choo kikiflashiwa, trapu inanyonywa maji yake kwa kukosa hewa. Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda kupita paa, lenye wavu wa mbu mdomoni. Manukato ya kuning'iniza hayasaidii kitu.

Mabomba ya maji safi siku hizi ni ya plastiki ya PPR ya milimita 20 na 25 inayoungwa kwa joto la nyuzi 260. La milimita 20 hukaa kwenye mashine sekunde 5 tu. Fundi akilizidisha au akilisukuma kwa nguvu, plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuziba nusu ya tundu. Nje kiungo kinaonekana kizuri kabisa, ila maji yanatoka kama machozi. Mwambie aunge kipande kimoja cha mfano, akikate katikati kwa msumeno, mtazame wote wawili ndani. Ni shilingi chache, na fundi mzuri hatachukia.

Kabla ya plasta, ziba ncha zote, funga pampu ya mkono ya kupimia presha, pandisha hadi baa 10 na uache saa moja. Mshale hushuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki hutanuka. Ukiendelea kushuka, kuna kiungo kinavuja. Kufungulia tu maji ya tanki si kipimo, kwa sababu presha yake ni ndogo mno. Piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba iliyonyooshwa kando ya bomba, ili atakayekuja kutoboa kwa ajili ya kioo asitoboe bomba.

Sakafu inafuata: saruji moja kwa mchanga nne, mteremko wa sentimita 2 kwa mita sehemu ya kuogea, sentimita 1 hadi 1.5 kwingineko. Dondosha gololi kila kona. Isipoelekea kwenye tundu, sakafu irudiwe sasa, maana gundi ya marumaru haiwezi kurekebisha mteremko. Inyweshwe maji na ikae siku 7.

Dawa ya kuzuia maji hupakwa mara mbili, mkono wa pili ukivuka wa kwanza, ikipanda ukutani sentimita 30, na sehemu ya kuogea mita 1.8 au zaidi. Kwenye kona na kuzunguka tundu kuwe na utepe wa nyavu, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Ikikauka, ziba tundu kwa mpira, jenga kizingiti cha muda mlangoni, jaza maji hadi kimo cha sentimita 2 hata mahali palipoinuka, chora mstari wa penseli ukutani. Weka kando beseni lenye maji na mstari wake. Baada ya saa 24 linganisha. Yakishuka sawa na ya beseni, ni joto limeyapunguza. Yakishuka zaidi, panavuja. Wakati wa mgao wa maji watu huruka kipimo hiki. Bora kusubiri siku ya maji kuliko kuruka.

Kwenye marumaru, kosa linalotawala mjini ni kubandika bonge la udongo wa saruji katikati ya kigae na kukigonga kikae. Pembe zinabaki hewani, ndoo ikianguka kinapasuka. Vigae vya poselini hunyonya maji kidogo sana, kwa hiyo saruji tupu haishiki vizuri mgongoni mwake; vinataka gundi iliyotandazwa kwa mwiko wa meno. Gundi ikishakauka, gonga kila kigae kwa sarafu. Kilichojaa hutoa sauti nzito, chenye uwazi hulia kama debe. Weka alama ya chaki kwenye vinavyolia, vibanduliwe kabla ya grauti.

Kulipa

Vifaa nunua mwenyewe au mfuatane na fundi, na risiti ya EFD iwe kwa jina lako. Ufundi ulipwe kwa vipimo. Tuseme mmekubaliana shilingi 1,000,000: toa 150,000 kifusi kikiondoka, 300,000 mabomba yakishika presha, 150,000 maji yakikaa saa 24, 300,000 marumaru zikipita sarafu, na 100,000 ibaki wiki mbili baada ya kuanza kutumia bafu. Hela ya kula ya kila siku ikatwe humo humo na iandikwe kwenye daftari, vinginevyo mwisho wa kazi kila mtu ana hesabu yake. Andikeni karatasi moja yenye vipimo na tarehe, wote mtie sahihi mbele ya shahidi. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Fundi atakayedai nusu mwanzoni mara nyingi ana deni la kazi nyingine anayotaka kuimaliza kwa hela yako. Mpe nauli na gharama ya kuleta vifaa vyake, basi. Anayeogopa kutolipwa ana haki pia, hivyo kipimo kikipita mlipe siku hiyo hiyo. Ukimzungusha, kesho yake hayupo.

Katika zile wiki mbili angalia silikoni kuzunguka sinki, ango valvu (koki ndogo ya kufungia maji) chini ya beseni kwa kuifuta na karatasi kavu asubuhi, na ukuta wa chumba cha upande wa pili kwa kiganja. Pakiwa na unyevu, ile 100,000 bado iko mfukoni mwako.