Jibu kwa aliyeuliza: "Mi niko Gungu, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, meya anataka kurudi, nampigiaje kura? Na barabara ya mtaani kwetu nayo nimbane yeye?"

Mkuu humpigii, labda uwe diwani. Meya wetu hachaguliwi na wananchi kama mbunge, anachaguliwa na madiwani wenyewe wakishaapa kwenye kikao chao cha kwanza, afu anakaa miaka 5, naibu wake ndo anapigiwa kura kila mwaka. Kwaiyo huyo anayetaka kurudi kazi yake ya kwanza ni kushinda udiwani kwenye kata yake, akianguka huko basi hata kama mji mzima unamkubali habari imeishia hapo, na akishinda bado kuna chama kupitisha jina, na hapo ndo kwenye shughuli yenyewe maana chama chenye madiwani wengi ndo kinatoa meya. Ujiji si tunajua, 2015 chama cha ACT-Wazalendo walichukua madiwani wengi wakachukua na umeya.

We wa Gungu kura yako ni ya diwani wa Gungu, mbane huyo mapema akwambie atamuunga mkono nani (wengi watakukwepa tu ila we uliza).

Na hilo la barabara ya mtaani kwenu, usimbebeshe meya peke yake, tangu 2017 barabara hizo ziko TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), na anayeshika faili na hela za manispaa kila siku ni mkurugenzi ambaye anateuliwa na rais. Meya anaongoza vikao vya baraza, sasa mabango yake yanavyoandika utadhani lami kamwaga yeye. Ushuru wa soko na usafi ndo mbane kwelikweli, hayo yanapita barazani.