Kuvua kwa flai: kabla ya kuchagua nchi chagua samaki

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Una siku kumi, umevua trauti, yule samaki wa mito ya baridi, misimu miwili kwa rodi namba 5 (namba ikipanda rodi ina nguvu zaidi), sasa unataka safari moja ya maana ya kuvua kwa nzi bandia, yaani flai, na umebakiwa na Shelisheli, New Zealand, Zambezi na Mongolia, unauliza ipi bora. Mi nimevua hizo tatu za mwanzo na kwa nilivyoona hilo swali umelianzia mwisho, anza na samaki kwanza, maana kila samaki ana ulaji wake na ana namna yake ya kupigwa ndoano, na mkono uliozoea mmoja unaweza kukunyima mwingine ukiwa umeshasafiri mbali kweli kweli. Hili limenikuta na mpaka leo linaniuma.

Ilikuwa Shelisheli, kisiwa cha Alphonse. Asubuhi mnavuka kwa boti kwenda St. François, huko ndo kuna mafungu yenyewe, maji ya magoti tu, unatembea juu ya mchanga na rodi mkononi. Siku ya pili maji yanaanza kujaa, mwongozaji akanishika bega akanionyesha samaki taa mkubwa, yule bapa, anakuja taratibu na juu ya mgongo wake kuna kivuli kingine cheusi kinamfuata. Kolekole, wale wakubwa ambao wavuvi wa flai wanawaita GT. Anamfuata taa kwa sababu taa akitibua mchanga kaa na samaki wadogo wanakurupuka, yeye anawamaliza. Nikarusha, flai ikaangukia mbele yake kama mita mbili, nikavuta mshipi haraka haraka, akamwacha taa akaja mdomo wazi maji yanapasuka, na mi nikainua rodi juu kama navua trauti mtoni. Flai ikamtoka mdomoni ikaruka hewani, akazunguka mara moja kuitafuta, akaondoka. Sikupata nafasi nyingine ya hivyo safari nzima.

Samaki wa baharini huwainulii rodi. Rodi inabaki chini imemwelekea samaki, afu mkono wa kushoto unavuta mshipi kwa nguvu mpaka usikie uzito, hapo ndo unainua. Ukiinua mapema rodi inapinda tu, nguvu haifiki kwenye ndoano, na flai inatoka majini kwa hiyo samaki hana tena cha kurudia. Ukivuta kwa mkono ukakosa, flai imesogea kidogo tu, iko bado mbele ya macho yake na mara nyingi anarudi kuipiga tena. Kulielewa hili ni dakika moja, ila mkono kuukubali inachukua miezi, kwa hiyo ukiamua Shelisheli anza leo, mwambie mwenzako akae uwanjani ashike ncha ya mshipi awe anakuvuta ghafla bila kukuambia, na wewe ujibu kwa mkono wa kushoto, rodi isipande.

Na ukienda huko usiende na GT peke yake kichwani, yule anataka rodi namba 12 na lida (kile kipande cha uzi kati ya mshipi na flai) nene ya kuhimili ratili 100 na zaidi, na kuna siku nzima unaweza usimuone. Bonfishi ndo samaki wa kuanza naye baharini, rodi namba 8 au 9, mwili wake kama kioo yaani humuoni yeye, unaona kivuli chake kwenye mchanga, na akishachomwa anakimbia mpaka mshipi wote wa mita 30 unaisha unaingia kwenye uzi wa akiba, moyo unakwenda mbio. Kuna mwatiko pia, huyu anakula mwani, miaka mingi watu waliamini hashikiki kwa flai mpaka zikafungwa flai za rangi ya mwani, na anavuta muda mrefu kuliko ukubwa wake. Kuna kikande, anatafuna kaa na matumbawe kwa hiyo meno yake yanakunja ndoano, akikimbia anaingiza kichwa kwenye shimo la jiwe. Ukitaka GT hasa basi ni visiwa vya mbali vya Shelisheli, Cosmoledo, Astove au Farquhar, na hapo Farquhar kolekole wamepigwa picha za video wakiruka kunyakua ndege wa baharini wanaopita juu ya maji.

Msimu wa visiwa hivyo vya mbali ni Oktoba mpaka Aprili hivi, kusi likiwa limelala. Kusi likivuma unarusha flai dhidi ya upepo siku nzima na mkono unachoka bure. Halafu angalia mwezi kabla hujachagua tarehe, maana bamvua na maji mafu hayavuliwi sawa, kwenye bamvua maji yanakuja na kuondoka kwa kasi na samaki wanapanda mafungu na kushuka kwa saa chache tu, mwongozaji mzuri anapanga siku yako yote kwa hesabu hiyo.

New Zealand ni kinyume kabisa. Kisiwa cha Kusini, mito ya maji maangavu unahesabu mawe chini, trauti wa kahawia wakubwa lakini wachache, unaweza kutembea mto karibu nusu siku umewaona wanne. Hurushi ovyo, unatembea kimya nyuma ya mwongozaji, unamtafuta samaki kwa macho kwanza, unajipanga nyuma yake upande maji yanakoelekea, lida ndefu ya mita nne au tano, na mara nyingi ukikosea mrusho wa kwanza samaki ameshaondoka. Januari na Februari wanakula nyenje, wale wadudu wanaopiga kelele mitini mchana wa jua, wakianguka majini trauti anapanda taratibu kweli, unauona mdomo mweupe ukifunguka, unafunga, anashuka. Hapo usimpige! Subiri mdomo ufunge na kichwa kianze kushuka ndo uinue rodi, ukiinua mapema unamtoa flai mdomoni. Mimi huwa nahesabu moja, mbili, kimoyomoyo, ndo nainua. Kingine, viatu vya soli ya manyoya yaliyoshindiliwa (felt) vya kuvukia mto huko vilipigwa marufuku 2008, kwa sababu mwani vamizi unaoitwa didymo ulionekana huko mwaka 2004 na soli hizo zinakaa na unyevu na kuuhamisha mto hadi mto, kwa hiyo beba soli za mpira na usafishe vyombo vyako vyote kabla ya kusafiri. Jamani hili tulichukulie kwa uzito, mto ukiharibika haurudi.

Usidhani trauti ni mwenyeji wa huko lakini. Alipelekwa karne ya 19, kama Kenya alivyopelekwa 1905 mayai yakatoka Scotland akawekwa mto Gura kwenye Aberdare, na kama mto Rio Grande kule Tierra del Fuego, kusini kabisa ya Argentina, alikopandikizwa 1935, wale wakajifunza kushuka baharini kunenepa na kurudi mtoni, sasa watu wanaenda huko Januari hadi Machi kuwatafuta hao wanaorudi kwenye upepo mkali ajabu. Mito ya Aberdare na mlima Kenya siyo ya kuidharau, maji ya baridi, samaki wadogo kiasi, ila kwa mkono wa rodi namba 5 ni darasa zuri kabla ya safari kubwa.

Zambezi ni taigafishi, samaki mwindaji wa mtoni, na anataka mkono wa tatu. Mdomo wake ni mfupa na meno ya nje nje, bila kipande cha waya mbele ya flai anakata lida kama wembe. Unavuta kwa mkono kama baharini ila siyo mara moja, mara mbili mara tatu kwa nguvu, na bado atakaporuka wengi watatema ndoano, hilo likubali kabla hujaondoka. Agosti mpaka Novemba maji yakiwa yamepungua ndo wakati. Kama unaweza kusogea Okavango upande wa Botswana miezi hiyohiyo kuna kambale wanawinda kwa makundi kwenye mizizi ya mafunjo, samaki wadogo wakitoka mbio taigafishi anawasubiri nje, unasikia kelele ya kambale kabla hujaona kitu na unaelekeza boti hapo. Tanzania kuna mito ya Mnyera na Ruhudji yenye taigafishi wakubwa sana, huko ni porini haswa.

Mongolia sijafika. Samaki wa huko ni taimeni, mkubwa kuliko wote kwenye ukoo wa samoni, anapita mita moja na anakua polepole sana ndo maana anarudishwa majini, na anapiga flai za umbo la panya juu ya maji. Kwa safari ya kwanza ya siku kumi mi nisingekwenda, ni siku nyingi za kurusha flai nzito kwa samaki mmoja.

Kwa rodi uliyonayo na mkono ulionao sasa, ningekwenda New Zealand mwezi wa pili. Kama moyo wako uko baharini nenda kwa bonfishi, Shelisheli au hata Kiritimati kule Kiribati au Andros kule Bahama, na kolekole akitokea awe nyongeza. Ila hujasema likizo yako ni mwezi gani, na Februari na Septemba ni majibu mawili tofauti kabisa, niambie nikupangie siku.