Kabla hujafurahi kwamba jeti zako zimekubaliana na data

Wanafunzi wanaoanza kuchambua jeti, yaani mafungu ya chembe zinazoruka pamoja kutoka kwenye mgongano, huniletea mchoro wakiwa na furaha: mstari wa hesabu, uliokokotolewa kwa kwaki na gluoni tu (chembe za msingi zilizo ndani ya protoni), umepita katikati ya nukta za data. Swali langu la kwanza huwa moja: R, yaani nusu-kipenyo kinachoweka mpaka wa jeti, ni ngapi?

Hesabu ya pertabesheni, inayokadiria jibu kwa mfululizo wa masahihisho yanayozidi kuwa madogo, hufaa pale ambapo kani kali ya nyuklia inakuwa dhaifu, yaani kwenye nishati kubwa. Kigunduzi, hata hivyo, hakioni kwaki. Kinaona hadroni, yaani chembe zilizoundwa na kwaki, kama pioni, kaoni na protoni, na safari ya kutoka kwaki hadi pioni inamalizikia kwenye nishati ya karibu GeV 1 (GeV ni kipimo cha nishati), ambako mfululizo wa pertabesheni hauna tena la kusema. Hapo baadhi ya chembe laini hutoka nje ya mpaka wa jeti. Kwenye LHC, mashine ya CERN inayogonganisha protoni, kuna na la pili: mabaki ya protoni zilizogongana nayo hugongana, na chembe zake huingia ndani ya jeti bila kualikwa.

Mambo haya mawili huvuta pande tofauti. Mwaka 2008 Mrinal Dasgupta, Lorenzo Magnea na Gavin Salam walionyesha kwamba momenta mtambuka (ile iliyo wima kwa mwelekeo wa miale ya protoni) inayopotea wakati hadroni zinapoundika hukua kadiri R inavyopungua, kwa uwiano wa 1/R. Kwa jeti ya kwaki ni takriban nusu GeV ukigawanya kwa R; ya gluoni hupoteza karibu maradufu. Ile inayoingia kutoka kwenye mabaki ya protoni hufuata eneo la jeti, yaani R². Kwa hiyo ipo R ya katikati ambapo hasara na faida hufutana, na mchoro ukapendeza bila hesabu kuwa imethibitishwa. Mchoro wa namna hiyo mimi siuamini hata kidogo mpaka nione R nyingine.

Ninachowashauri ni hiki. Endesha PYTHIA, programu inayoiga migongano ya chembe, mara tatu kwa mpangilio uleule: kwanza ukiwa umezima uundikaji wa hadroni na migongano ya ziada (`HadronLevel:all = off`, `PartonLevel:MPI = off`), kisha uwashe hadroni peke yake, kisha vyote viwili. Chora uwiano wa kila hatua kwa R = 0.2, 0.4 na 0.8. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inatosha. Jeti ya kwaki ya GeV 50 yenye R = 0.4 itapungukiwa na kitu kama asilimia 2.5 kwa sababu ya hadroni. Ya GeV 500 itapungukiwa na robo ya asilimia. Ukiona upungufu haushuki namna hiyo momenta inapopanda, tafuta kasoro kwenye programu yako kabla ya kutafuta fizikia mpya.

Kwenye umbo la jeti uwe makini zaidi. Mchango wa mabaki ya protoni kwenye mraba wa masi hukua kwa R⁴, kwa hiyo jeti pana inaweza kuonekana nzito kwa sababu zisizohusu kabisa kwaki iliyoizaa. Kupogoa kwa Soft Drop, mbinu ya kuondoa chembe laini za pembeni mwa jeti iliyochapishwa mwaka 2014, hupunguza sana tatizo hili, ila kwenye masi ndogo athari hubaki palepale.

Kuna jambo linaloniudhi katika ripoti nyingi ninazosoma: mtu anachukua tofauti kati ya PYTHIA na HERWIG, programu nyingine ya aina hiyo, anaiita kiwango cha mashaka, anaendelea. Ni kweli PYTHIA huunda hadroni kwa modeli ya nyuzi na HERWIG kwa ya vishada, lakini zote mbili zimerekebishwa vigezo vyake kwa data ya LEP, mashine ya zamani ya CERN iliyogonganisha elektroni na positroni, zikiwa na manyunyu yake zenyewe ya kwaki na gluoni (makadirio ya jinsi zinavyogawanyika hatua kwa hatua). Masahihisho unayoyatoa humo yamemeza pia sehemu ya hesabu ya pertabesheni ambayo manyunyu hayo hayakuwa nayo. Ukiyabandika juu ya hesabu yako ya usahihi wa juu, unahesabu kitu kimoja mara mbili. Linganisha na njia ya Yuri Dokshitzer na Bryan Webber ya mwaka 1995, ambayo hukusanya athari hizi katika kigezo kimoja, alfa-sifuri, yaani wastani wa nguvu ya kani kali chini ya GeV 2. Thamani yake hutoka karibu 0.5 kwenye vipimo vingi vya LEP. Ukipata 0.9, rudi kwenye hesabu.

Data zenyewe ziko wazi kwenye HEPData, hifadhi ya vipimo mtandaoni, na Rivet, programu ya kulinganisha hesabu na data, ina uchambuzi mwingi wa ATLAS na CMS, vigunduzi vya LHC, ulioandikwa tayari. Anza na umbo la jeti la mwaka 2010, kwenye TeV 7, kwa momenta ndogo. Huko ndiko athari hizi zinaonekana waziwazi.