Katuni ya mkono na maneno yake

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeuziwa katuni hapa Kirumba, naambiwa ndiyo yenyewe iliyochorwa kwa mkono. Nitajuaje? Tena nataka kushindana kutunga maneno ya katuni. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Wino wa mkono hukolea hapa na kufifia pale. Utaona mabaki ya penseli, na rangi nyeupe iliyofunika mstari uliokataliwa. (Mimi hununua kwa ajili ya hiyo nyeupe.) Fotokopi haina hayo. Usiibandike kwa selotepu. Usiiache juani, wala kwenye ukuta wenye unyevu. Ukungu wa huku ziwani hauna huruma.

Mashindano yanataka ubishi. Jarida la The New Yorker la Marekani huyaendesha kila wiki tangu 2005: linatoa katuni isiyo na maneno, wasomaji wanayatunga. Roger Ebert, mhakiki wa filamu, alishinda 2011 baada ya kujaribu zaidi ya mara 100. Tazama kwanza nani kafungua mdomo, huyo ndiye msemaji. Kisha usisimulie kinachoonekana. Sangara anapiga kasia, mvuvi kajilaza mtumbwini? Mvuvi aseme tu: “Tukifika Ukerewe niamshe.”