Kubashiri kumi bora kwenye mbio za baiskeli za wiki tatu: anza na barabara, majina baadaye

Julai ikikaribia, watu wanaojua kwamba nafuatilia baiskeli huniuliza swali moja tu: Tour de France mwaka huu anachukua nani? Hilo ndilo swali rahisi kuliko yote. Kuanzia 2020 hadi 2025 ushindi umegawanywa na watu wawili peke yao, Tadej Pogačar mara nne na Jonas Vingegaard mara mbili. Kama mnabashiri kwa pointi na wenzako, kila mtu atawaweka hao wawili juu na hakuna atakayempita mwenziwe hapo. Kazi yenyewe inaanzia nafasi ya tatu kushuka hadi ya kumi, na huko kuorodhesha majina makubwa hakukufikishi mbali.

Ninavyofanya mimi, waendeshaji nawaweka kando kwanza. Naanza na barabara. Ramani ya Tour hutangazwa Oktoba, miezi mingi kabla ya mbio, na ukiisoma vizuri utajua dakika zitapotelea wapi. Ukishajua dakika zinapotelea wapi, nusu ya majina yanajipanga yenyewe.

Chukua hatua zote 21 (kila hatua ni mbio za siku moja, na muda wa siku zote hujumlishwa) ufute zile ambazo hazitabadilisha kitu. Hatua tambarare inayomalizika kwa mbio fupi za kasi haibadilishi msimamo, kwa sababu kundi likifika pamoja wote huandikiwa muda mmoja, hata aliyekuwa mkiani. Akianguka mtu ndani ya kilomita tatu za mwisho (hadi tano kwenye baadhi ya hatua) za hatua ya namna hiyo, hupewa muda wa kundi alilokuwemo. Kwa hiyo usihangaike na nani anashinda huko. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu mwaka 2024 akachukua na jezi ya kijani ya pointi, jambo kubwa mno, lakini halikuwa na uhusiano wowote na kumi bora wa muda wa jumla. Hayo ni mashindano mawili yanayopita barabara moja.

Ukifuta hizo utabaki na hatua sita, saba, labda nane. Zitazame moja moja. Mlima unaomalizikia kileleni ni tofauti kabisa na mlima ambao kilele chake kiko kilomita 30 kabla ya mstari. Huo wa pili mara nyingi huishia kwa watu kukamatana bondeni, na wanaoumia hupata nafasi ya kurudi. Michoro ya milima inayosambaa mtandaoni huchorwa ili itishe macho. Soma urefu wa mpando, wastani wa mwinuko, na umbali kutoka kileleni hadi mwisho. Hayo matatu yanatosha.

Halafu kadiria gharama. Kwenye mlima wa Col du Granon mwaka 2022, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Pogačar alipoteza dakika 2 na sekunde 51 kwa Vingegaard katika mpando mmoja, baada ya kushambuliwa kwa zamu na Vingegaard na mwenzake wa timu Primož Roglič tangu mlima wa Galibier. Mwaka 2023, hatua ya kushindana na saa (kila mmoja hukimbia peke yake) hadi Combloux ilikuwa na kilomita 22.4 tu, na Vingegaard akamwacha Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38. Kesho yake, siku ya mlima wa Col de la Loze, akaongeza dakika 5 na sekunde 45. Siku mbili zikamaliza mbio za siku 21. Na kuna hasara isiyohusiana na milima hata kidogo: mwaka 2020, kwenye njia ya kwenda Lavaur, upepo wa ubavuni ulilikata kundi vipande na Pogačar akapoteza dakika 1 na sekunde 21 kwenye barabara isiyo na mpando wa maana. Barabara wazi za karibu na pwani au tambarare za kilimo ziwekee alama kwenye ramani, kisha fuatilia utabiri wa upepo siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo niwaingize watu, na swali ninalowauliza ni: wewe dakika zako zinapotelea wapi? Mwepesi wa milimani asiyejua kushindana na saa atalipa pale. Kilomita nyingi za saa kwenye barabara tambarare zinampa nafasi mtu kama Remco Evenepoel. Saa inayopanda mlima ni habari nyingine, na hapa nataka tukae kidogo.

La Planche des Belles Filles, 2020. Roglič anaingia hatua ya 20 akiwa mbele ya Pogačar kwa sekunde 57. Kilomita 36.2, na mwisho wake ni mlima. Roglič alikuwa na timu iliyolidhibiti kundi wiki tatu nzima, hakuwa amepoteza sekunde za kizembe popote, na karibu kila mtu alishahesabu imekwisha. Ikamalizika Pogačar akiwa mbele kwa sekunde 59, yaani aliokota karibu dakika mbili kwenye hatua moja, na kofia ya Roglič ikiwa imemkaa upande kichwani. Wengi waliita muujiza. Lakini mwezi Juni mwaka huohuo, kwenye ubingwa wa taifa wa Slovenia wa kushindana na saa, Pogačar alimshinda Roglič huyohuyo, na njia ile nayo ilimalizikia mlimani. Mbio ndogo, watazamaji wachache, matokeo mstari mmoja kwenye tovuti. Ndiyo maana nasema tafuta matokeo yanayofanana na hatua iliyo mbele yenu. Ushindi mkubwa kwenye njia isiyofanana haukuambii chochote.

Hapo tunafika kwenye mbio za maandalizi. Critérium du Dauphiné ya mwezi Juni (tangu 2026 inaitwa Tour Auvergne-Rhône-Alpes) ndiyo inayoangaliwa zaidi kabla ya Tour, na wengi huisoma vibaya. Wanamtazama mshindi. Kuna miaka mshindi wa Dauphiné alikwenda akashinda na Tour: Bradley Wiggins 2012, Geraint Thomas 2018, Vingegaard 2023, Pogačar 2025. Lakini Andrew Talansky aliishinda 2014 na Tour hakuimaliza, na Roglič aliishinda 2024 naye Tour hakuimaliza. Mimi hutazama nafasi ya tatu, ya nne, ya tano, hasa kijana ambaye timu haijamtangaza kuwa kiongozi wa peke yake. Mwaka 2025 Florian Lipowitz, Mjerumani aliyeanzia kwenye michezo ya ski na kulenga shabaha, alimaliza wa tatu kwenye Dauphiné, mbele ya Evenepoel. Julai akamaliza wa tatu Tour, nyuma ya walewale wawili. Aliyemwandika nafasi ya tatu hakuwa mchawi, alisoma tu mistari iliyo chini ya jina la mshindi.

Majeraha yape uzito, lakini jiulize yanauma wiki gani. Pogačar alivunjika kifundo cha mkono kwenye mbio za siku moja za Liège–Bastogne–Liège mwezi Aprili 2023. Wiki mbili za kwanza za Tour alionekana mzima kwa sehemu kubwa, akashinda na hatua, hadi hizo siku mbili za Combloux na Loze. Vingegaard naye aliumia vibaya mno kwenye mbio za jimbo la Basque, Hispania, Aprili 2024, mbavu na pafu, na bado akamaliza wa pili. Mtu wa daraja lile akiumia miezi mitatu kabla ya mbio, mshushe nafasi moja, usimwondoe. Wa daraja la chini yake, mimi humwondoa.

Jambo linaloharibu orodha nyingi kuliko yote ni uhuru ndani ya timu. Timu ina waendeshaji wanane. Mmoja, labda wawili, wanaruhusiwa kujali nafasi zao. Waliobaki ni wa kuchota chupa za maji, kukata upepo na kujimaliza kwenye mlima ili kiongozi asijimalize. Simon Yates alishinda Giro d'Italia ya 2025, na mwezi uliofuata alikuwa kwenye Tour. Kwa karatasi ni mshindi wa mbio za wiki tatu aliye kwenye fomu, umweke wa sita, wa saba. Kwa hali halisi alikuja kumfanyia kazi Vingegaard. Alishinda hatua moja ya kuchomoka na kundi la mbele, akarudi kazini. Kabla hujaandika jina lolote, tafuta nani mwingine yuko kwenye basi hilohilo.

Mara chache mtumishi huyo ndiye anayekuja juu. Sepp Kuss mwaka 2023 alikuwa amemsaidia Roglič kushinda Giro na Vingegaard kushinda Tour. Kwenye Vuelta a España, mbio za wiki tatu za Hispania, akaachiwa achomoke hatua ya sita, akapata dakika kadhaa, na hatimaye timu moja ikachukua nafasi zote tatu: Kuss, Vingegaard, Roglič. Ben O'Connor alifanya jambo la jinsi hiyo Vuelta ya 2024. Aliondoka na uongozi wa dakika 4 na sekunde 51 mbele ya Roglič baada ya kuchomoka hatua ya sita tu. Roglič alimkamata hatua ya 19, lakini O'Connor alimaliza wa pili, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo aliinunua siku moja. Kwa hiyo nafasi moja, kuanzia ya nane hadi ya kumi, mpe mtu anayependa kuchomoka, anayepanda milima vizuri, na ambaye wakubwa hawamhofii. Wakubwa hawatajichosha kumkimbiza.

Kuna kitu kimoja namba hazikionyeshi: jinsi wawili wanavyoogopana. Hatua ya 20 ya Giro 2025, Colle delle Finestre, kilomita 18 na zaidi za kupanda, na karibu nane za juu ni changarawe. Isaac del Toro anaongoza. Richard Carapaz yuko nyuma yake kwa sekunde 43. Simon Yates wa tatu, dakika 1 na sekunde 21 nyuma. Carapaz anashambulia tangu chini, Del Toro anamganda. Yates anapanda kwa mwendo wake, anawafikia, kisha anaondoka. Wale wawili wanatazamana. Kila mmoja anangoja mwenziwe amfuate Yates, kwa sababu atakayefuata atamvuta mpinzani wake bure. Yates anakuwa doa dogo kwenye vumbi. Kileleni ameshavuka pengo alilokuwa nalo, na ng'ambo ya mlima anamkuta Wout van Aert, mwenzake wa timu aliyetangulizwa mapema na kundi la mbele, akimsubiri amvute bondeni kuelekea Sestriere. Siku hiyo Del Toro alipoteza zaidi ya dakika tano kwa Yates. Wa tatu mwenye timu iliyopangwa vizuri, nyuma ya wawili wanaoogopana na kutofautiana kwa sekunde 43, ana nafasi kubwa kuliko jedwali linavyosema. Kama mchezo wenu unaruhusu kubadilisha ubashiri siku ya mapumziko, hilo ndilo la kutafuta kwenye wiki ya mwisho.

Sekunde za zawadi, zinazopunguzwa kwenye muda wa mtu, pia zihesabu, hasa kwenye Vuelta yenye vipando vifupi vikali mwishoni mwa hatua. Wa kwanza mstarini hupata 10, wa pili 6, wa tatu 4. Vuelta ya 2020 Roglič alimshinda Carapaz kwa sekunde 24, na bila zawadi hizo matokeo yangegeuka.

Lingine ni kwamba si wote watafika. Tour ya 2023 iliwapoteza Enric Mas na Carapaz kwa kuanguka siku ya kwanza tu. Mwaka 2025 João Almeida aliondoka wiki ya kwanza kwa kuanguka, na Evenepoel akashuka baiskeli hatua ya 14. Huwezi kujua ataanguka nani, ingawa rekodi husema kitu: Roglič, pamoja na makombe yake yote, hakumaliza Tour ya 2021, 2022 wala 2024. Ninachofanya ni kutowaweka viongozi wa timu kumi kwenye nafasi kumi kana kwamba wote watafika. Nafasi mbili za chini nawapa wasaidizi wa pili wa timu zenye nguvu, wale watakaorithi uongozi kiongozi akiondoka. Adam Yates alikuwa wa tatu Tour ya 2023 akiwa na Pogačar timu moja.

Orodha usiifunge mpaka timu zitaje waendeshaji wao wanane. Na kabla hujaandika lolote, ulizeni pointi zitahesabiwaje. Kama pointi zinatolewa kwa nafasi kamili, basi cheza kwa tahadhari: weka wanaojulikana pale walipozoea kumaliza. Kama kuwemo tu kwenye kumi bora kunatosha, nafasi ya saba hadi ya kumi weka watu ambao wenzako hawajawasikia, kwa sababu akifika hata mmoja, pointi hizo unazo peke yako.